Umepewa mradi wa mfumo mpya ofisini: uanzie wapi

Swali hili hunifikia karibu kila mwezi, na maneno ni yale yale: "Bosi amesema mimi ndiye nitakayesimamia mfumo mpya. Sijawahi. Nianze na nini?" Anayeuliza anaweza kuwa mhasibu wa sacco, mwalimu anayeijua kompyuta kuliko wenzake, au developa aliyezoea kuandika programu na sasa ameambiwa aongoze wengine. Baadhi yao huuliza wakiwa wameshatoa malipo ya awali.

Nimesimamia miradi ya mifumo hapa Nairobi kwa miaka kadhaa, mingi ikiwa midogo: sacco, zahanati, shule, maduka ya jumla. Hatua hizi ni za mtu mwenye mradi wa miezi mitatu hadi sita, timu ya watu watatu hadi wanane, na pesa ambazo zikipotea kila mtu ataona pengo.

Nadharia ni hii tu: upeo wa kazi, muda na pesa vimefungwa kwa kamba moja. Mtu akivuta kimoja, vile viwili vingine vitasogea, hata kama mkutano mzima umekubaliana kwamba havitasogea. Kazi yako ya kila siku ni kuyatoa mambo vichwani mwa watu na kuyaweka kwenye karatasi kabla hayajawa ugomvi.

Uwe na hivi kabla ya kuanza

- Mwenye mradi, mtu mmoja. Kamati nzima haiwezi kuwa mwenye mradi. Unahitaji mtu mmoja mwenye uwezo wa kusema "hii ndiyo, hii siyo" na neno lake likasimama. Kama hayupo, mwombe bosi amteue kwa barua pepe, hata ya mistari miwili.
- Mtu anayeifanya kazi hiyo sasa kwa mkono. Karani, muuguzi, keshia. Omba saa zake rasmi kwa mkubwa wake, usimwibe wakati wa chakula cha mchana.
- Jedwali moja la kazi. Google Sheets inatosha. Usilipie programu ya kusimamia miradi kwa ajili ya timu ya watu wanne.
- Daftari la maamuzi: tarehe, kilichoamuliwa, nani aliamua. Wazee walisema mali bila daftari hupotea bila habari, na katika miradi ya mifumo nimeona maamuzi yakipotea hivyo hivyo.
- Bajeti iliyoandikwa, pamoja na akiba ya asilimia 15 hadi 20 ambayo haina jina la matumizi.
- Nusu ya siku yako ya kazi. Ukiambiwa usimamie mradi "juu ya majukumu yako ya kawaida", sema mapema ni jukumu lipi litakalopunguzwa.

Hatua ya 1: Andika ukurasa mmoja

Jibu maswali matano. Leo tatizo ni lipi? Linamuumiza nani? Mradi ukiisha, ni nini kitakachofanyika ambacho leo hakifanyiki? Ni nini ambacho mradi huu hautafanya? Nani atasema kwamba umekwisha?

Swali la tatu ndilo linaloshinda wengi. Ukiandika "kuboresha huduma kwa wanachama", hakuna atakayejua mmefika lini. Andika hivi: "Mwanachama akilipa kupitia Paybill (nambari ya ofisi ya kupokelea malipo ya M-Pesa), malipo yaonekane kwenye akaunti yake ndani ya dakika tano bila karani kugusa kitu." Hilo mnaweza kulipima mkiwa mmesimama pale na simu mkononi.

Swali la nne nalo watu hulikwepa, kwa sababu kusema "hatutafanya" kunaonekana kama uvivu. Liandike hata hivyo. "Awamu hii haina programu ya simu." "Mishahara ya wafanyakazi haimo." Mwenye mradi aweke sahihi.

Hatua ya 2: Keti kando ya anayefanya kazi

Kama una muda wa kufanya hatua moja tu vizuri, ifanye hii.

Mradi mmoja ulikuwa wa sacco ya wafanyabiashara upande wa Eastlands. Kamati ilikuwa imekutana mara tatu na kuidhinisha orodha ya mahitaji ya kurasa tisa. Nikaomba asubuhi moja niketi na karani, mama aliyekuwa amefanya kazi pale tangu sacco ilipoanza. Alikuwa na daftari kubwa lenye mistari, na niliona baadhi ya malipo ameandika kwa kalamu ya wino na mengine kwa penseli.

"Mama, hizi za penseli ni za nini?"

"Hizo, mwanangu, ni pesa ambazo hazijapata mwenyewe."

Mwanachama ametuma mchango kwa simu ya mkewe, au amekosea nambari ya akaunti. Pesa imeingia, lakini jina si la mwanachama yeyote. Mama anaiandika kwa penseli, anangoja. Siku mwenyewe akija na ujumbe kwenye simu, anafuta jina la mtumaji, anaandika la mwanachama kwa wino. Ukurasa ule peke yake ulikuwa na malipo kumi na moja ya penseli. Katika zile kurasa tisa za mahitaji hapakuwa na mstari hata mmoja kuhusu jambo hilo. Mwenyekiti mwenyewe hakulijua. Kama tungejenga tulichoidhinishiwa, pesa hizo zingekosa mahali pa kukaa tangu siku ya kwanza.

Kwa hiyo keti, tazama, uliza kuhusu kila alama, kila karatasi iliyobandikwa ukutani, kila kitu anachokiandika pembeni. Usiulize "unataka mfumo ufanye nini?" Muulize: "Jana mambo yalikwama wapi, na ulifanyaje?"

Hatua ya 3: Igawe kazi vipande, kisha uvipange kwa uzito

Andika kila kitu ambacho mfumo unatakiwa kufanya, kila kimoja mstari wake kwenye jedwali. Kipande kikizidi wiki moja ya kazi ya mtu mmoja, kikate tena. Kisha weka safu tatu: lazima, ingefaa, baadaye.

Kosa la kawaida: kila kitu kinakuwa "lazima". Dawa yake ni kuuliza, "Siku ya kwanza ikifika na hiki hakipo, ofisi itafungwa?" Ripoti yenye rangi haifungi ofisi. Kushindwa kutoa risiti kunaifunga.

Hatua ya 4: Kadiria muda kwa namba tatu

Ukimuuliza developa "itachukua siku ngapi?" atakupa siku za ndoto: hakuna stima iliyokatika, hakuna mtoto mgonjwa, hakuna mteja aliyebadili mawazo. Muulize namba tatu: mambo yakienda vizuri kabisa, kama kawaida, na yakiharibika. Zidisha ile ya katikati kwa nne, jumlisha zote, gawanya kwa sita. Kanuni hii imetumika tangu miaka ya 1950, katika mradi wa makombora ya Polaris wa jeshi la majini la Marekani.

Mfano: kuunganisha malipo ya M-Pesa. Vizuri ni siku 4, kawaida 6, vibaya 20. Hiyo ni 4 + 24 + 20, yaani 48, gawanya kwa 6, unapata siku 8. Weka 8 kwenye mpango, si 4.

Halafu tazama kalenda. Mwisho wa mwezi mhasibu hana nafasi nawe. Baada ya katikati ya Desemba watu wako ushago. Shule zikifunguliwa Januari, kila mzazi kwenye timu ana mambo ya karo. Ukiweka kazi muhimu kwenye siku hizo, umejichimbia shimo.

Hatua ya 5: Malipo na umiliki viwe kwenye mkataba

Mimi hugawa malipo hivi: asilimia 30 mwanzo, 30 wakati sehemu ya kwanza inafanya kazi mbele ya macho yetu, 30 data ikishahamishwa na watumiaji wakakubali, na 10 baada ya mwezi mmoja wa matumizi ya kweli. Hiyo kumi ya mwisho ndiyo itakayofanya simu yako ipokewe.

Uliza kama bei ina VAT ndani yake. Shilingi 400,000 ikiongezewa asilimia 16 inakuwa 464,000, na tofauti hiyo imevunja urafiki mwingi. Kubalianeni pia kwamba ankara zitatoka kwenye eTIMS, mfumo wa ankara za kielektroniki wa mamlaka ya kodi, KRA. Mhasibu wako atazihitaji ili gharama zikubaliwe kwenye hesabu za kodi.

Umiliki nao usiuache hewani. Jina la tovuti, akaunti ya seva, akaunti ya Daraja (jukwaa la Safaricom la kuunganisha mifumo na M-Pesa) na mahali msimbo wa programu unapohifadhiwa, vyote visajiliwe kwa barua pepe ya ofisi. Niliwahi kukubali jina la tovuti lisajiliwe kwa barua pepe binafsi ya developa kwa sababu tulikuwa na haraka. Alipopata kazi nchi nyingine, tulikaa wiki tatu tukimtafuta huku tarehe ya kulipia jina ikikaribia. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa amesahau tu, nami ndiye niliyepaswa kuliona hilo mapema.

Hatua ya 6: Onyesho kila wiki mbili

Usingoje mfumo mzima. Kila baada ya wiki mbili timu ionyeshe kitu kinachofanya kazi, na anayekibofya awe karani, si developa. Picha za kuvutia kwenye slaidi hazihesabiki.

Kati ya onyesho moja na jingine inatosha mkutano wa dakika kumi na tano kila asubuhi au kila baada ya siku moja: umemaliza nini, unashika nini, umekwama wapi. Ukizidi nusu saa, watu wataanza kuukwepa, na watakuwa na haki.

Baada ya kila onyesho tuma ujumbe mfupi kwa mwenye mradi: kilichokamilika, kilichochelewa, unachohitaji kutoka kwake. Habari mbaya iende siku hiyo hiyo. Bosi akiambiwa wiki ya nne kwamba mmechelewa siku tano, bado ana nafasi ya kuchagua la kufanya. Akiambiwa wiki ya kumi na mbili, hana.

Hatua ya 7: Safisha data za zamani, anza mapema

Hapa ndipo mipango mingi hufia, kwa sababu watu huiandika kama mstari mmoja: "kuhamisha data, siku 2". Fungua ile Excel ya ofisi leo, usingoje mwezi wa tatu wa mradi. Haya ndiyo ninayoyakuta karibu kila mara:

1. Sifuri za mbele zimepotea. Mwanachama 0047 amegeuka 47, kwa sababu Excel imeidhania nambari ya uanachama kuwa hesabu. Geuza safu iwe ya maandishi kabla ya kubandika chochote.
2. Nambari za simu za kila namna: zinazoanza na 07, na 7, na +254, nyingine zina nafasi katikati. Zilete zote kwenye umbo moja la tarakimu kumi na mbili linaloanza na 254. Hakikisha pia mfumo unakubali nambari zinazoanza na 01. Nimeona fomu mpya ikimkataa mwanachama kwa sababu aliyeiandika alijua 07 peke yake.
3. Mtu mmoja, majina mawili. Jina la nyumbani kwenye daftari, jina la kitambulisho kwenye fomu. Linganisha kwa nambari ya kitambulisho.
4. Tarehe zilizogeuka. 03/04/2023 ni tarehe 3 Aprili kwetu, lakini kompyuta iliyowekwa mpangilio wa Marekani inaisoma Machi 4.

Baada ya kusafisha, linganisha jumla. Akiba yote ya wanachama kwenye daftari na kwenye mfumo mpya iwe sawa hadi shilingi ya mwisho. Tofauti ya shilingi 50 usiidharau, inaweza kuwa makosa mawili makubwa yaliyokaribia kufutana.

Onyo: usitume orodha ya wanachama kwa developa kupitia kundi la WhatsApp. Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 inazigusa ofisi ndogo pia, na taarifa hizo ni za watu waliokuamini. Kwa majaribio, tumia majina na nambari za kubuni.

Hatua ya 8: Jaribu yale yanayoharibika

Kila mtu hujaribu malipo yanayofaulu. Wewe jaribu haya: mwanachama ameweka PIN isiyo sahihi, ameacha ombi la malipo kwenye simu hadi muda ukaisha, amelipa mara mbili, amekosea nambari ya akaunti, amelipa mkopo ukazidi kwa shilingi moja, karani amebofya "hifadhi" mara mbili, stima imekatika akiwa katikati ya kuingiza.

Kwa wanaounganisha M-Pesa: jukwaa la majaribio la Daraja litakufikisha mbali, lakini kuhamia malipo ya kweli kuna hatua zake za kuidhinishwa na nyaraka za mwenye Paybill. Anza mchakato huo wiki ambayo mmepata onyesho la kwanza. Anwani ya kupokelea majibu ya malipo lazima iwe ya HTTPS (anwani ya mtandao iliyolindwa) na ifikike kutoka nje. Kompyuta iliyo mezani kwa developa haitapokea kitu.

Jaribu pia kurudisha data kutoka kwenye nakala ya akiba. Chukua nakala ya jana, iweke kwenye seva tupu, uone kama mfumo unaamka. Usimwamini mtu anayekuambia nakala zipo kama hajawahi kurudisha hata moja.

Hatua ya 9: Siku ya kuhama

Chagua Jumanne au Jumatano asubuhi. Ijumaa hapana: kitu kikiharibika saa kumi jioni, utakitafutia fundi akiwa kwenye foleni ya Thika Road. Mwisho wa mwezi hapana.

Kabla ya siku hiyo andika kwenye karatasi: tukikwama, tunarudi nyuma vipi, na nani anaamua turudi? Weka saa kabisa, kwa mfano saa nane mchana. Kwa mwezi mzima wa kwanza, daftari la zamani na mfumo viende sambamba, na kila jioni mlinganishe jumla. Karani atalalamika kwamba kazi imekuwa mara mbili, na ni kweli. Mwambie mapema, mwambie tarehe ya mwisho, na uiheshimu.

Mafunzo yafanyike kwa data za kwao na kwenye mashine zao, watu watatu au wanne kwa kikao. Makabidhiano: nywila zote, maelezo ya kurasa mbili ya jinsi ya kuwasha na kuhifadhi, na nambari ya mtu wa kupigiwa.

Mambo yakikwama

*Bosi ameongeza kazi katikati.* Usikatae, usikubali. Mwonyeshe jedwali: "Hii ni siku nane. Tutoe nini, au tusogeze tarehe?" Andika jibu lake kwenye daftari la maamuzi.

*Mmechelewa, na kuna anayesema muongeze watu.* Tahadhari. Fred Brooks, aliyeongoza utengenezaji wa OS/360, mfumo wa kuendeshea kompyuta, huko IBM, aliandika mwaka 1975 kwamba kuongeza watu kwenye mradi wa programu uliochelewa huuchelewesha zaidi. Hesabu mwenyewe: watu wanne wana njia sita za kuongea wao kwa wao, watu wanane wana ishirini na nane. Na wale wa zamani wataacha kazi ili wawafundishe wageni. Punguza upeo kwanza.

*Developa anasema "imebaki kidogo" wiki ya tatu mfululizo.* Acha kuuliza asilimia. Sema, "Nionyeshe kinachofanya kazi sasa." Mara nyingi amekwama mahali na anaona haya kusema. Ongea naye peke yake, bila hadhira.

*Malipo yameingia M-Pesa lakini mfumo hauyaoni.* Tafuta kwanza kwa ile nambari ya muamala ya herufi na tarakimu kumi. Kama haipo kabisa, kagua kama cheti cha usalama cha seva kimekwisha muda au kama seva ilizimika saa hiyo. Kama ipo lakini haina mwanachama, iko kwenye malipo yasiyotambuliwa. Mfumo uwe na kazi ya usiku inayolinganisha taarifa ya Paybill na kilichorekodiwa, kwa sababu jibu moja moja litapotea njiani siku fulani.

*Taarifa za wanachama zimevuja.* Usifute kitu, usifiche. Funga njia iliyotumika, andika saa na ulichokiona, mwambie mwenye mradi mara moja. Pale ambapo watu wanaweza kudhurika, sheria inataka Kamishna wa Data ajulishwe ndani ya saa 72 tangu mlipogundua.

*Watumiaji wamerudi kwenye daftari.* Usiwagombeze, wala usiende kwa bosi. Rudi ukaketi nao kama hatua ya 2. Kule Eastlands, wiki ya tatu nilimkuta mama na penseli yake tena. Orodha ya malipo yasiyotambuliwa tulikuwa tumeijenga, lakini kuifikia kulitaka abofye mara sita, huku mwanachama amesimama mbele yake na simu mkononi. Tukaihamishia ukurasa wa kwanza, abofye mara moja tu. Ijumaa ya wiki iliyofuata daftari lilikuwa kwenye droo.